Dawa Iko Ng'ambo ya Daraja

Kama leo umeambiwa una saratani ya damu, na wewe ni mtu wa huku kwetu, nina mambo mawili ya kukuambia kabla hujaanza kulia. La kwanza, usikubali mtu yeyote akuchome moto. La pili, tafuta kitambulisho chako na ulale nacho. Mengine utaelezwa na madaktari, na watayaeleza vizuri kuliko mimi. Mimi nauza miraa hapa mtaa wa Iftin, mjini Garissa, mdomo wangu ni mchafu, na siandiki ili nionewe huruma. Nilipokuwa naumwa nilitafuta mtu mmoja tu wa Garissa aliyeugua ugonjwa huu na bado anatembea, nikae naye nimuulize maswali. Sikumpata. Kila niliyetajiwa alikuwa ameshazikwa.

Yangu yalianza wakati wa jilaal, ule ukame wa mwanzo wa mwaka ambao hata mbwa hanyanyuki kubweka. Tumbo lilianza kuvimba upande wa kushoto, chini ya mbavu. Nikila vijiko vitatu vya wali, nimeshiba. Naamka godoro limelowa jasho. Shingo ilikonda, mashavu yakaingia ndani, lakini tumbo lenyewe likazidi kwenda mbele. Sasa mwanamke aliyeachwa na mume miaka miwili, anatembea sokoni na tumbo linalokua, watu watasema nini? Mimi hawakuniambia kitu. Walimwambia kaka yangu.

Abdullahi ndiye kaka yangu mkubwa. Ana ngamia Bura, na tangu baba afariki amejivika ubaba. Alikuja Ijumaa mchana akitokea msikitini, ameshika fimbo ya kuchungia, na hakusalimu.

"Ni ya nani?" aliniuliza.

"Ya nani nini?"

Fimbo ya kwanza ilinipata begani. Nilimwambia hakuna mimba, na nikamtukana matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Ya pili ilinipata usoni, pua ikapasuka damu. Hapo ndipo aliposhtuka, kwa sababu damu haikukoma. Ililowesha kitambaa, ikalowesha shuka, na adhana ya alasiri ilipopigwa ilikuwa bado inachuruzika kidevuni. Abdullahi alikaa kizingitini, fimbo magotini, akisema, "Walaal, ndugu yangu, nimekupiga mara mbili tu." Mara mbili tu! Utadhani kuna kipimo halali.

Mama yetu, Hooyo, ndiye aliyenilaza chali na kunibonyeza. Amezalisha wanawake wengi, mikono yake haidanganywi. Alisema, "Hii si mimba. Hii ni bandama." Na bandama ikivimba, kwetu dawa yake ni moto. Kila familia ya wafugaji inalijua hilo. Ngamia akivimba anachomwa, na mtu akivimba anachomwa.

Akaitwa mzee anayejua kazi hiyo. Nilishikwa na wanawake wanne, mmoja kwa kila mkono na kila mguu. Mzee alikipuliza kijiti mpaka ncha ikawa nyekundu, akasema bismillahi, akakikandamiza tumboni mwangu. Kisha akakirudisha kwenye makaa. Alifanya hivyo mara saba. Nilinusa nyama yangu mwenyewe ikiungua, na harufu yake ni ya nyama ya kawaida tu, ndiyo maana mpaka leo sipiti karibu na wachoma nyama. Jirani aliyenishika mkono wa kulia nilimng'ata mpaka jino langu likalegea. Yeye bado ana kovu lake, mimi nina yangu saba.

Mtu mwenye damu nzima huchomwa akapona vidonda vyake. Mimi damu yangu haikuwa na askari. Vidonda vilioza. Usaha ulitoka, homa ikapanda, na mvua za kwanza za gu', masika yetu, zilinikuta nimelazwa juu ya mkokoteni wa punda naelekea hospitali, Hooyo akinifunika kwa turubai na kulia kimya.

Pale hospitalini nilikaa kwenye benchi la saruji siku mbili. Nilijifunza kuhesabu vigae, nikajua muuguzi yupi anatembea haraka kwa sababu ana kazi na yupi anatembea haraka ili asiulizwe swali. Daktari alikuwa kijana mpole. Alifunua tumbo, akaona, akauliza, "Nani amekufanyia hivi?" Nilisema, "Wanaonipenda." Hakucheka. Alichukua damu, na majibu yalipokuja alifunga mlango.

"Fardosa, chembe zako nyeupe za damu zimezidi kupita kiasi. Ni saratani ya damu. Lakini aina yako, nikikisia sawa, ina dawa. Ni kidonge, unameza kila siku. Watu wanaishi nayo miaka mingi."

"Nipe basi."

"Hapa haipo. Wala kile kipimo cha kuhakikisha aina hakipo. Ni Nairobi."

Aliandika barua ya rufaa, akanionya nisianguke wala nisigongwe tumboni, maana bandama ilishafika kitovuni na ikipasuka sitafika popote. Halafu, kalamu ikiwa bado karatasini, akaniuliza namba ya kitambulisho. Nikamwambia sina.

Hapa msomaji wa Nairobi itabidi nimweleze, wa huku kwetu Fafi anajua tayari. Nilizaliwa Bura. Baba yangu amezikwa Bura. Lakini nilipokuwa mtoto wa miaka sita ukame ulimaliza mifugo yetu, na kule kambini kwa wakimbizi kulikuwa na unga, mafuta na maji ya bomba. Hooyo alinishika mkono, akaenda akasema tumetoka Somalia. Wakachukua alama za vidole vyangu, wakatupa kadi ya chakula. Abdullahi siku hiyo alikuwa na baba, wanahangaika na ngamia wawili waliobaki, ndiyo maana yeye leo ana kitambulisho. Mimi nilipofika umri wa kuomba changu niliweka vidole kwenye mashine, mashine ikasema huyu ni mkimbizi. Tangu hapo nikiuliza naambiwa subiri uhakiki. Na uhakiki unataka mzazi asimame aseme alidanganya, na Hooyo alikuwa amesikia kwamba wanaosema hivyo wanafungwa. Kila watu walipoitwa kuhakikiwa, alidai ana safari.

Mtu bila kitambulisho hana bima, hana faili hospitali kubwa, na akivuka daraja la Tana kuelekea Nairobi anateremshwa garini. Miraa naweza kuuza bila hicho. Kuumwa siwezi.

Siku niliyotoka hospitalini na barua ile, niliingia nyumbani nikamkuta Hooyo anamimina chai. Niliichukua chupa ya chai nikaipiga ukutani juu ya kichwa chake. Vioo vya ndani vilimwagika shingoni mwake pamoja na chai. Nikamwambia, "Uliniuza kwa unga. Sasa nakufa, umeshiba?" Ni mama yangu. Nilimwambia maneno hayo nikiwa na akili zangu timamu, na nilitaka yamuume. Aliokota vioo kimoja kimoja. Tukaishi nyumba moja miezi mingi bila kuzungumza, ila maji yako wapi, nani amefunga mlango.

Nilijaribu daraja hata hivyo. Abdullahi alinisindikiza, sikumwomba, alikuja tu na begi lake. Kwenye kizuizi kimoja mbele ya daraja walitushusha. Afande alikuwa kijana, miwani ya jua, nikampa barua ya rufaa.

"Nimeomba kitambulisho," alisema. "Sijaomba barua ya mapenzi."

Abdullahi alisogea. Kiswahili chake ni cha mnadani, akiogopa kinazidi kuvunjika. "Afande, huyu dada yangu, mgonjwa. Mimi kitambulisho iko, hii hapa. Hosbitali inamngoja. Kwa Mungu, bolisi, angalia barua."

"Wewe panda gari uende. Huyu arudi kambini akaombe kibali cha safari." Akaiachia barua. Upepo ukaichukua mpaka kwenye miiba.

Nitasema ukweli wote. Ningenyamaza, labda ningerudishwa tu. Lakini nilivua ndala nikampiga nayo usoni, miwani ikaruka. Halafu kitako cha bunduki kikaja. Nilijikunja kama kobe, tumbo ndani, mgongo nje, nikihesabu mapigo na kuiomba bandama yangu isipasuke. La tatu halikunifikia. Abdullahi alikuwa amejitupa juu yangu, na nilisikia mfupa wa bega lake ukivunjika, mlio mdogo, kama kuni kavu. Abiria walipiga kelele ndani ya basi. Mwenzake afande alimvuta, akamwambia inatosha, utaua mtu.

Tulikaa mavumbini mpaka basi likaondoka. Damu ya pua ilinitoka tena. Abdullahi, uso umekuwa majivu kwa maumivu, alitambaa akaitoa barua kwenye miiba kwa mkono wake mzima, akanipa. "Walaal," alisema, "sasa umenisamehe?"

Nikamwambia, "Ulinipiga mara mbili. Bado moja."

Akacheka, akazirai.

Tulienda kambini pia, bega lake likiwa limefungwa. Karani wa kule alitafuta sana, akasema kadi yetu ilifungwa zamani kwa kuwa hatukurudi. "Na wewe dada unaonekana ni Mkenya," aliniambia kwa upole. "Hatuwezi kumpa Mkenya kibali cha mkimbizi." Nilikaa chini pale pale mlangoni nikacheka mpaka mlinzi akaniletea maji. Upande mmoja wa meza mimi ni mgeni, upande wa pili mimi ni mwenyeji, na pande zote mbili sina haki ya kuumwa.

Aliyenivusha ni miraa. Miraa ni jani, likichelewa limekufa, kwa hiyo gari lake halicheleweshwi na mtu. Mwenda, dereva kutoka Maua, ameniletea mzigo miaka sita. Alinikuta nimelala nyuma ya kibanda, ananiangalia tumbo, ananiangalia macho. Nilimweleza.

"Narudi kesho asubuhi na magunia matupu," alisema. "Siendi darajani, nazunguka kaskazini, Modogashe mpaka kwetu Maua. Ukifika Meru, Nairobi ni barabara tu. Lakini utalala chini ya magunia, Fardosa."

"Mimi? Na heshima yangu yote?"

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Nikainama. Nilifunga tumbo kwa leso mbili, nikalala ubavu wa kulia, magunia juu yangu. Dereva wa miraa anajua mwendo mmoja tu, hata gari likiwa tupu. Kila shimo bandama iliruka kama mtoto anayepiga teke, nikawa naishika kwa mikono yote miwili. Kwenye vizuizi alisalimia kwa majina, akapita. Kwenye kimoja mtu alichoma magunia kwa chuma, chuma kikanipata gotini. Niliuma leso. Walimwachia. Nilikojoa pale pale nilipolala, na sioni haya kuandika.

Wanashangaa kwetu tunakufa. Jani la kutafuna lina njia, mtu hana.

Kliniki ya Nairobi ina viti vya plastiki vilivyopangwa safu safu, na watu wa safu za mbele ni wale wanaoishi karibu. Mama mmoja wa Kiambu alikuwa analalamika kwamba ametoka nyumbani saa kumi na mbili, na msongamano wa magari, na sasa saa tatu hajaitwa. Aliniuliza nimetoka nyumbani saa ngapi. Nilimwambia Jumapili. Ilikuwa Jumatano. Akavua sweta yake akanivalisha, kwa sababu nilikuwa natetemeka kwa baridi ya Nairobi na sikujua. Tuna ugonjwa ule ule na tunameza kidonge kile kile. Yeye alianza akiwa na tumbo lake la kawaida.

Abdullahi alikuwa amefika kabla yangu, kwa basi, kupitia daraja, kitambulisho mfukoni. Karani alipoomba namba yangu, alikiweka chake kaunta.

"Hiki ni cha mwanamume," alisema karani.

"Andika yangu. Andika huyu mtoto yangu."

"Ana miaka mingapi?"

"Thelathini na moja," nilijibu mwenyewe.

Watu walicheka nyuma yetu. Lakini muuguzi mkubwa alikuwa amesimama pale anasoma barua yangu, bado ina matundu ya miiba, akaona idadi ya chembe. Akamwambia karani, "Mwandike chini ya mlezi. Faili kwanza, maswali baadaye." Ndivyo nilivyokuwa mtoto wa kaka yangu. Kila nikienda lazima mlezi aweke sahihi, kwa hiyo kila nikienda sisi ni wawili. Yeye daraja, mimi magunia.

Kidonge hakina upole. Macho yanavimba asubuhi, misuli ya miguu inajifunga fundo, na ngozi yangu imekuwa nyeupe hata wateja wa kike wananiuliza natumia krimu gani. Nawaambia ni ya bei ghali sana, hamtaiweza. Lakini tumbo lilishuka. Kufikia hagaa, upepo ule wa katikati ya mwaka, mbavu zilionekana tena na vidole vyangu havikuigusa bandama. Kufikia mvua za deyr, vuli yetu, daktari wa Nairobi alinionyesha namba yangu kwenye kompyuta na kunipa mkono.

Mvua hizo hizo ndipo ilipokuja kamati ya uhakiki. Sikumwambia Hooyo. Tulikuwa bado hatuzungumzi, na nilikuwa nimechoka na safari zake. Nilipofika kwenye hema lao la kijani nilimkuta yuko mbele yangu kwenye foleni, amevaa guntino yake ya sikukuu chini ya shuka, na alikuwa ameamkia pale.

Mezani kulikuwa na wazee wetu wawili, mkalimani, na ofisa kutoka bara. Hooyo alimkataa mkalimani. Alisema huyo kijana ataweka sukari. Alizungumza Kiswahili chake cha kuuza maziwa, akimtazama yule ofisa.

"Mimi nilidanganya. Mimi ni mtu ya Bura, na baba yake na babu yake. Andika."

"Kwa nini ulidanganya, mama?"

"Nilikuwa na watoto wadogo wawili. Huyu, na mwingine, Yusuf. Yusuf alikuwa bado ananyonya, na mimi maziwa habana. Jumatatu nilimzika. Baba yake alikuwa mbali na ngamia. Mikono hii nilichimba." Akaiweka juu ya meza. "Jumanne nikaangalia huyu, nikaona macho imeingia ndani, kama ya Yusuf. Nikambeba mgongoni siku mbili mbaka kambi. Wakaniuliza, umetoka wapi? Nikisema Bura, wananifukuza. Sasa niambie, bwana, wewe ungesema wapi?"

Ofisa aliweka kalamu chini.

"Kama ni jela, nifunge," alisema Hooyo. "Lakini huyu mbe kitambulisho. Mtoto haina makosa. Mara ya kwanza nilibeba yeye asife njaa, leo nimekuja dawa isimbite."

Mimi niliambiwa tangu utotoni kwamba Yusuf alikufa kwa surua. Nilisimama nyuma yake, nikayaona makovu madogo ya chai na vioo shingoni mwake. Nilikaa chini mbele ya kamati. Mzee mmoja akadhani ni ugonjwa, akaagiza nipewe nafasi nipumue.

Hawakumfunga. Jina langu lilipelekwa Nairobi pamoja na mengine, na mpaka leo ninapoandika kitambulisho hakijaja, bado nasafiri chini ya magunia. Wewe unayesoma, usingoje uumwe. Mpeleke mama yako akaseme, na umshike mkono akisema.

Tulitoka nje ya lile hema, mvua imekatika, matope kila mahali. Nilipiga magoti kwenye yale matope nikashika pindo la nguo yake. Nilitaka kusema kuhusu ile chupa ya chai, kuhusu yale maneno, lakini nililia tu, kwa sauti, watu wote wa foleni wakitazama. Nilisema, "Hooyo, nisamehe. Nisamehe, Hooyo."

Alinivuta mkono ninyanyuke. "Umekunywa dawa ya leo?"

Nilitikisa kichwa. Dawa hii ukiimeza tumbo tupu unaitapika yote, na tangu asubuhi sikuwa nimetia kitu kinywani. Hooyo aliingiza mkono chini ya shuka lake, akatoa anjera mbili zilizofungwa kwenye karatasi, bado zina joto la mwili wake. Akanimegea kipande, akanitia mdomoni.

"Kula kwanza," alisema.